Mtoto wa dada yangu si mulozi

Leo sileti habari za barabara wala bei ya unga. Naleta za lupango langu.

Dada yangu alipokimbia vita akafika kwangu hapa Kinsevere, mtoto wake wa miaka 8 alikuwa anapepesa macho sana. Tukasema ni vumbi la makamiyo. Kisha bega likaanza kuruka, na kooni ikatoka sauti kama ya mbwa mdogo. Majirani wakanong'ona: mulozi. Kanisa moja likataka afunge chakula siku 3. Na mimi, naona haya kuandika, nilimpiga kofi mezani. Akasema: "Mjomba, naweza kuizuia kidogo tu, kisha inakuja kama chafya."

Neno hilo lilininyima usingizi, nikaanza kutafuta. Wanganga wanaeleza karibu vilevile. Ni ugonjwa wa tiki. Zikiwa za mwili na za sauti, zikipita mwaka, unaitwa Tourette, jina la munganga Mfaransa aliyeuandika mwaka 1885. Unatoka katika njia za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Huanza mara nyingi kwenye miaka 5 hadi 7, huzidi karibu na 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua baadaye. Unatembea katika ukoo pia. (Marehemu baba yetu alikohoa bila kikohozi maisha yake yote. Hakuna aliyemwita mulozi. Alikuwa na duka.)

Vidonge vipo, na vipya vinajaribiwa. Lakini mwaka 2010, Wamarekani walijaribu njia isiyo ya vidonge kwa watoto 126. Mtoto anafundishwa kutambua ile "chafya" inapokaribia, kisha kuipinga: bega likitaka kuruka, analishusha na kubana kiwiko ubavuni mpaka hamu ipite. Baada ya wiki 10 zaidi ya nusu walipata nafuu. Kati ya wenzao waliopewa mazungumzo na mafundisho tu, hata mmoja kwa 5 hakufika. Mwaka 2021, Waingereza walionyesha kwamba mafunzo ya namna hii yanasaidia hata kwa intaneti.

Mama zangu mliokimbia kama dada yangu, mjue hili pia: sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwita mtoto mulozi, na adhabu yake ni gereza. Na Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain kinachotibu magonjwa ya akili na ubongo. Nauli ikipatikana, tutaenda.

Jana usiku bega liliruka tena na tena tukila bukari. Hakuna aliyemtazama. Alimaliza sahani yake, akaomba nyingine.