Kilingala Kizuizini, Kiswahili kwa Mama wa Sombe

Picha ya filamu yangu niliyoifuata Kabambare, mashariki mwa Kongo, niliikosa nikibadilisha betri ya kamera. Askari niliyekuwa naye siku ya nne alikuwa amemaliza kupokea amri kwa Kilingala, kifua mbele. Mama muuza sombe, majani ya muhogo, aliyeketi karibu na kizuizi akamwuliza, "Mwanangu, leo utakula nini?" Akamjibu kwa Kiswahili, sauti imeshuka: "Mama, nikopeshe fungu moja tu."

Kamera ilikuwa imelala. Maikrofoni niliyombania shatini haikulala.

Mimi ni mtu wa Kasongo. Mji wetu ulitekwa Aprili 1893 na Force Publique, jeshi la kikoloni, chini ya kamanda Dhanis; jeshi hilo baadaye likaamrisha kwa Kilingala, na FARDC, jeshi la Kongo la leo, limekirithi. Ndiyo maana huku Maniema, Kilingala kikisikika usiku, watu hunyamaza kwanza wasikilize. Askari wangu alizaliwa upande wa Fizi. Lugha ya mama muuza sombe ndiyo ya mama yake, lakini sare haimruhusu kuitumia kila saa.

Basi nikaacha kuwinda milio ya risasi. Kuelekea Salamabila, ambako jeshi limepigana na wanamgambo wa Mai-Mai Malaika karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, siku nyingi za askari ni kungoja: kuchota maji, kushona kiatu, kutafuta mahali penye mtandao ampigie mke. Njia za doria sizipigi picha, wala bunduki sizihesabu. Na ruhusa ya komanda haikunitosha, maana kijana atamkataliaje mkubwa wake? Jioni nilimwuliza kila askari peke yake. Wawili walikataa, nikawafuta.

Nimeitazama mara nyingi Restrepo (2010), filamu ya hali halisi ya Hetherington na Junger. Kule Korengal, Afghanistan, askari wa Marekani na wazee wa kijiji wanazungumza kupitia mkalimani. Kabambare mkalimani hakuna; askari mwenyewe anavuka huku na huku, na mvuko huo husikika kabla haujaonekana.

Kwa hiyo sehemu ya sombe nimeiacha gizani: kioo cheusi, sauti mbili, bei, kicheko kidogo. Mwenzangu wa uhariri alitaka tuifunike kwa picha za mto Luama. Nilikataa.

Shangazi yangu pale Kasongo aliitazama akiwa amekunja mikono. Giza lilipokwisha akaniuliza, "Alimlipa yule mama?"