Kariakoo: Kinanda kinachosikia mkono

NI Jumamosi asubuhi. Mwendokasi unashusha abiria Gerezani, na mama mmoja anamshika mkono mwanawe wa miaka kumi wasipoteane katikati ya mikokoteni na wachuuzi. Wameingia Kariakoo kutafuta kinanda. Mtoto anafundishwa na mwalimu wa kwaya kanisani, na fedha zimedunduliziwa kwenye kibubu tangu mwanzo wa mwaka. Hakuna fedha ya kukosea.

Duka ni jembamba, vinanda vimepangwa hadi darini. Muuzaji anashusha viwili vya Casio: CT-S200 na CT-S300. Vyote vina vitufe 61 na sauti 400. Cha kwanza ni nafuu.

"Mama, tofauti yake ndogo tu. Chukua hiki, chenji utanunulia stendi."

Tofauti hiyo ndogo ndiyo ya kuangalia. CT-S200 ukikigusa kwa upole au ukikipiga kwa nguvu, sauti ni ileile. CT-S300 kinahisi mkono. Chini ya kila kitufe cha kinanda cha aina hii kuna sehemu mbili za mguso. Kitufe kikishuka, moja hugusa kabla ya nyingine, na kinanda hupima muda uliopita kati yake. Ukipiga kwa kasi, muda ni mfupi na sauti huwa kubwa. Ukishusha kidole taratibu, sauti hutoka ya chini.

Ndivyo piano inavyofanya kazi. Hata jina lake, la Kiitaliano, limetokana na maneno yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya juu. Mtoto aliyezoea kinanda kisichohisi hupiga kila noti sawa, na siku akikalia piano vidole vinamshinda.

Mtoto anajaribu CT-S300. Anabonyeza kwa upole, kisha kwa nguvu. Hakuna mabadiliko. Mama anakunja uso. Kumbe aliyejaribu kabla yao aliacha sauti ya ogani, na ogani haijali nguvu ya kidole. Muuzaji anarudisha sauti ya piano, na safari hii noti ya kwanza inanong'ona, ya pili inajaza duka. Kama isingebadilika bado, hatua inayofuata ingekuwa kukagua mpangilio wa mguso, maana huweza kuzimwa.

Mama anahesabu noti zake mara mbili. Zinatosha kinanda na adapta yake, stendi hapana. Anauliza mwanawe kama meza ya chakula itafaa. Itafaa, mradi kiti kiwe na kimo cha kumwezesha kuweka viwiko usawa wa vitufe, mabega yasipande.

Kwenye mwendokasi wa kurudi, boksi limelala mapajani mwao wote wawili. Mtoto anachezesha vidole juu yake, taratibu, kisha kwa nguvu.