Mlimani Theluji Inapoyeyuka

Sisi tuliozaliwa penye masika na kiangazi tumezoea kuiona theluji kwenye picha, tukadhani ni kitu kimoja tu: cheupe, baridi na kizuri. Lakini wenyeji wa kaskazini mwa Marekani wanajua kwamba ina tabia nyingi. Mwanzoni mwa Aprili, majira ya baridi yanapoagana na yale ya kuchipua, theluji hubadilika mara kadhaa kwa siku moja.

Nililiona jambo hili kwenye Franconia Ridge, mgongo wa milima katika jimbo la New Hampshire. Kilele chake kirefu, Mount Lafayette, kina mita 1,600 hivi, hata theluthi ya Kilimanjaro hakifiki. Hata hivyo, si mlima wa kudharauliwa. Katika safu hiyo hiyo, juu ya Mount Washington, upepo ulipimwa tarehe 12 Aprili 1934 ukivuma kilomita 372 kwa saa. Na ng'ambo ya bonde la Franconia palikuwa na mwamba wenye sura ya mzee, fahari ya jimbo zima. Maji yaliyoingia nyufani, yakiganda na kuyeyuka miaka nenda miaka rudi, yaliudhoofisha hadi ukaporomoka tarehe 3 Mei 2003.

Tulikuwa akina mama watano wa kanisa moja, pamoja na kiongozi wetu, mama mzoefu wa milima. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikiwa ngumu kama saruji. Juu ya viatu tulivaa minyororo yenye meno ya chuma ili tusiteleze. Katikati ya njia, theluji iliyoshindiliwa na wapitaji wa miezi ya baridi ilibaki kama tuta jembamba. Ukikanyaga pembeni, mguu unazama hadi pajani. Kufikia saa tano jua lilikuwa limeilainisha, nasi tukawa tunatembea kama watu walio ndani ya uji.

Tulipovuka mpaka wa miti mambo yakageuka tena: mawe matupu, barafu na upepo mkali. Kutoka kileleni mgongo ulinyooka kuelekea kusini, karibu kilomita tatu bila mti wa kujikinga. Tulikusudia kuupita wote, kisha tushukie upande wa pili. Wakati huo mawingu yakaja kutoka magharibi na kuufunika.

Hapo nikamwona mwenzetu mmoja akishindwa kufunga mkoba wake. Fulana yake ya pamba ilikuwa imelowa jasho la kupanda.

"Dada, unasikia baridi?"

"Si... sijambo," akajibu, ulimi ukiwa mzito.

Kwa muuguzi, jibu la namna hiyo halitoshi. Mtu anayetetemeka, vidole vikakataa kazi na maneno yakaburuta, mwili wake unapoteza joto. Tukamwingiza kwenye msingi wa mawe wa nyumba ya zamani iliyokuwapo kileleni, mahali penye kinga. Tukamvua nguo mbichi, tukamvika kavu, tukamkalisha juu ya mikoba na kumpa chai tamu ya moto, kwa kuwa aliweza kumeza vizuri. Hatukumsugua mikono wala miguu, maana kusugua kunaweza kudhuru.

Mama mmoja akalalamika, "Jamani, tumefika mbali hivi, turudi?"

Kiongozi akamjibu kwa upole, "Mlima hauhami, dada."

Tukarudi kwa njia tuliyojia, iliyokuwa fupi zaidi kufikia miti. Tulipopita nyumba ya wapandaji, ambayo hufungwa majira hayo, mwenzetu alikuwa akizungumza vizuri. Tukamshukuru Mungu.

Mama mwenzangu, ikiwa siku moja utaalikwa kwenye milima ya namna hii, ondoka mapema, theluji ingali ngumu. Acha nguo za pamba nyumbani, kwa kuwa hushika maji; vaa sufu, na uchukue akiba kavu. Mwangalie sana yule anayenyamaza. Na kabla ya kuanza safari, kubalianeni saa ya kugeuka, kilele kiwe kimefikiwa au hakijafikiwa. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.