Gari la Moshi la Ruiru

Wengi wetu tukifunga shule hupanda matatu mpaka nyumbani, wala hatufikirii reli. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka likizo ya Aprili iliyopita, baba aliponiambia, "Mwanangu, kesho tutakwenda kazini pamoja."

Baba hupakia mizigo katika ghala moja huko Nairobi, nasi twakaa Ruiru. Tulitoka kungali giza, tukakuta stesheni imejaa watu. Viti vilikuwa vimekwisha, basi tukasimama. Twaliita gari la moshi, ingawa injini yake hutumia dizeli, na moshi wa makaa ni habari ya zamani.

Katika Historia tumefundishwa kwamba Nairobi ni mtoto wa reli. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913. Siku zile wenye mashamba walitaka kusafirisha mazao yao. Siku hizi mzigo mkubwa ni watu wa Ruiru, Kahawa, Githurai na Dandora waendao kutafuta riziki. Upande mwingine wa mji, stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2020 yaliletwa mabehewa yenye injini zake yenyewe, yaliyonunuliwa Hispania. Lakini njia yetu ni reli moja tu. Magari mawili yakikutana, hapana budi moja lingojee stesheni mpaka jingine lipite.

Miguu ilianza kuniuma. Nikamwuliza, "Baba, mbona hatukupanda matatu?" Hakunijibu. Tulishuka Makadara, tukaenda kwa miguu mpaka ghalani. Kutwa nzima nilimtazama akibeba magunia begani. Jioni tulirudi vile vile, tumesimama, na mara mbili nilimwona akisinzia huku ameshika chuma cha juu.

Tulipofika nyumbani alitoa kopo la kakao chini ya kitanda, akatia sarafu chache. Akasema, "Hii ni tofauti ya nauli ya matatu na ya gari la moshi. Nimeiweka kila siku tangu ulipoingia kidato cha kwanza." Kisha akaenda kunawa.

Sina budi kusema kweli. Muhula uliotangulia nilipata alama 19 katika Hesabu, nami nilimwambia mama kwamba mwalimu hafundishi vizuri. Mwalimu wangu na anisamehe, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilala darasani. Baba aliisoma ripoti ile, akaikunja, asinene neno. Usiku ule, nilipolitazama kopo, nilitamani angalau angenigombeza.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Nilikuwa nikiliandika neno hilo katika insha kila mwaka bila kujua uzito wake. Muhula huu nimekuwa nikiamka kabla ya kengele na kufanya hesabu tano kila siku. Katika jaribio la mwisho nilipata 46. Si nyingi, na mtihani mkuu u karibu, lakini gari limekwisha ondoka stesheni.