Kisangani: mvua ikinyesha wiki nzima, moyo nao unahitaji kuanikwa

Makiso, Kisangani. Mwezi wa kumi ulipoingia, mama mmoja mhami wa vita anayekaa mtaani Makiso aliacha kwenda sokoni. Siku ya kwanza alisema ni mvua. Siku ya pili alisema ni mgongo. Kufika juma la pili hakusema kitu tena. Alilala akiangalia ukuta, na binti yake wa miaka 13 ndiye aliyebeba beseni ya sombe kichwani kwenda kuuza. Vitabu vya shule vilibaki ndani ya mfuko wa plastiki, vimetundikwa kwenye msumari.

Mama huyo alitoka Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo. Alivuka kwa mtumbwi na watoto wawili mwaka 2023, wakati ugomvi wa mashamba kati ya jamii za Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa vita vya nyumba kwa nyumba. Mume wake hakuvuka. Tangu siku ile hakuna aliyemwona, na hakuna kaburi la kwenda kufyeka majani. Familia moja ya Makiso iliwapa chumba kimoja nyuma ya lopango lao. Kiangazi kilimkuta anafanya kazi kama wenzake. Mvua za Septemba hadi Novemba, zile zinazonyesha kwa nguvu kuliko zote hapa Kisangani, ndizo zilizomwangusha.

Sababu yake si ngumu kuona. Siku za jua, mama mhami hana nafasi ya kuwaza: anatafuta maji, anatafuta makaa, anatembea, anabishana bei, anacheka na wenzake. Mvua ikianza, kazi inasimama. Watu watatu wanakaa chumba kimoja chenye giza, mabati yanapiga kelele, usingizi haupatikani, na mawazo yanakuja yote kwa mara moja.

Majirani walianza kusema. Mmoja alisema amelogwa na watu wa upande wa mume. Mwingine alitaka apelekwe kufunga siku saba bila chakula. Wa tatu, kwa roho nzuri kabisa, alileta kichupa cha lotoko akisema, "Dada, kunywa kidogo, utalala." Akanywa, akalala, lakini aliamka saa nane ya usiku moyo ukimpiga, na kesho yake ilikuwa mbaya kuliko jana. Pombe inaleta usingizi upesi na kuuvunja upesi. Asubuhi inamwacha mtu na huzuni mara mbili.

Aliyekataa maneno hayo yote ni mama mzee mwenye lopango. Yeye hakusoma mambo ya udaktari, lakini anajua mwaka 2000. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka ule, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na watu zaidi ya elfu moja walikufa. Mama mzee alikaa chini ya kitanda siku zote sita. Miaka mingi baadaye, kila mwezi wa sita ukikaribia, chakula kilimshinda na mlango ukigongwa alishtuka. "Mwanangu," alimwambia mhami, "si uchawi. Mwili una kalenda yake. Lakini kwanza tuone kama si palu."

Neno hilo la mwisho lilikuwa la maana sana. Malaria, upungufu wa damu na njaa ya muda mrefu vinaweza kumlaza mtu na kumwondolea hamu ya kila kitu, na majira ya mvua ndiyo majira ya mbu. Walienda kituo cha afya chini ya mwavuli mmoja. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akapewa dawa yake. Kisha muuguzi alifunga mlango na kuuliza pole pole: analala saa ngapi, anakula nini, na je, amewahi kuwaza kwamba afadhali afe? Mama alinyamaza muda mrefu. Mwisho alisema kwamba siku mbili alikuwa amesimama kando ya mto na kuuangalia vibaya.

Muuguzi hakupiga kelele wala kumlaumu. Alimwomba mama mzee asimwache peke yake, hasa usiku, na asiende mtoni bila mtu. Akampa miadi ya kurudi kila juma. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba katika sehemu zilizopita kwenye vita, karibu mtu mmoja kwa watano ana shida fulani ya afya ya akili. Kusikia hivyo kulimshangaza mama huyo. Alidhani ni yeye peke yake Kisangani nzima.

Siku ile ya jioni simu ilipigwa kutoka mbali. Dada yake mdogo anakaa Winnipeg, Kanada, alikofika kama mkimbizi. Alipoambiwa habari, alisema jambo lisilotazamiwa: "Yaya, mimi pia. Huku mwezi wa kumi na mbili jua linaonekana saa nane tu. Mwaka wa kwanza nilishindwa kutoka kitandani." Ugonjwa huo wa majira ya baridi unajulikana kule. Mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake, waliueleza na kuanza kuutibu kwa taa zenye mwanga mkali, ambazo mgonjwa anakaa mbele yake asubuhi.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Mchana wake ni karibu saa 12 mwaka mzima, hakuna baridi wala theluji. Huzuni ya mhami wa Makiso na huzuni ya mkimbizi wa Winnipeg hazina mzizi mmoja. Lakini mama mzee alisikiliza simu, akasema: "Basi kule wananunua taa. Hapa jua ni la bure, na sisi tumejifungia ndani." Maneno yake yana ukweli. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unazidi mara nyingi ule wa ndani ya chumba chenye dirisha dogo, na mwanga wa asubuhi unasaidia mwili kujua saa ya kuamka na saa ya kulala.

Kuanzia kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mzee alimgongea mlango. Hakumwambia ajikaze wala asahau. Alimpa ufagio. Walifagia lopango pamoja, kisha wakakaa barazani na chai. Mvua ikikatika, walitembea hadi barabara kubwa na kurudi. Siku za kwanza mhami alilia njiani, na mama mzee aliendelea kutembea kando yake bila kuuliza. Mchana walikaa na wanawake wengine wa lopango, wakichambua na kutwanga sombe chini ya paa la jikoni. Mikono ikiwa na kazi, maneno yanatoka bila kuvutwa. Ndipo kwa mara ya kwanza alitaja jina la mume wake mbele ya watu.

Zimbabwe kuna mpango unaofanana na hayo. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliuanzisha mwaka 2006 mjini Harare: bibi wa mtaa wanafundishwa kusikiliza, wanakaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, na mgonjwa anakuja kueleza. Washona wanaita shida hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama watu wa Kisangani wanavyosema mtu ana "mawazo mingi". Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu.

Usiku, badala ya lotoko, mama mzee alichemsha majani ya sinda. Hakusema kwamba sinda inaponyesha huzuni. Ni kikombe cha moto, kina harufu nzuri, na kinamwambia mtu kwamba siku imekwisha. Dada wa Winnipeg alitaka kutuma vidonge vya mmea vinavyouzwa kule kwa ajili ya huzuni. Muuguzi alikataa. Mimea mingine ya namna hiyo inapunguza nguvu ya dawa za VVU na za uzazi wa mpango. Jani nalo ni dawa, na dawa mbili zinaweza kugombana ndani ya mwili mmoja. Aliongeza kwamba kama hali haiinuki, kuna dawa za hospitali, na kuzimeza si aibu.

Mama huyo hajapona kabisa. Kuna siku mvua inaanza alfajiri naye anageukia ukuta. Mume hajarudi, na shamba la Lubunga limeota majani. Hakuna matembezi wala chai inayorudisha nyumba. Hilo linangoja amani na wenye mamlaka. Ila sasa siku mbaya zikija anazitaja kwa jina, na mtu mmoja lopangoni anajua kumgongea.

Kwa familia zinazoishi na mhami aliyenyamaza, mambo yaliyomsaidia mama huyu hayahitaji franka nyingi: kumpima malaria na damu, kumtoa nje asubuhi, kumpa kazi ndogo ya kufanya pamoja na wengine, kumwondolea pombe, kumsikiliza bila kumhukumu. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku ileile. Kumuuliza waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua.

Mwishoni mwa Novemba jua lilitoka siku mbili mfululizo. Mama alitoa nguo zote nje, blanketi, vitenge na magodoro, akavianika juu ya ua. Halafu akatungua ule mfuko wa plastiki kwenye msumari, akatoa vitabu, akavifungua ukurasa kwa ukurasa vipate hewa. Jumatatu yake, beseni ya sombe ilirudi juu ya kichwa chake, na binti alienda shule.