Daftari la Karakana

Katika mtaa wa Donholm, mashariki mwa jiji la Nairobi, ipo nyumba moja ambayo gereji yake haijapata kulaza gari. Mwenye nyumba, fundi mitambo aliyestaafu, hupanda matatu ya Barabara ya Jogoo kama jirani zake wengi, na nafasi ile ya gari ameipa kazi nyingine. Humo mna mashine ya kukerezea chuma, jiliwa lililofungwa juu ya meza ya mbao nzito, jiwe la kunolea linaloendeshwa kwa umeme, na rafu tatu zilizosheheni vipande ambavyo mgeni angeviita takataka. Karibu na mlango, kwenye msumari, huning'inia daftari la aina wanayotumia watoto wa shule. Kila kinachonunuliwa kwa ajili ya karakana hiyo huandikwa humo: tarehe, kitu, bei na mahali kilikotoka.

Daftari halikuwa wazo lake. Lilikuwa sharti la mkewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu miaka miwili kabla yake. Fedha zilizoanzisha karakana zilimegwa kutoka katika kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho kilikuwa na mwenyewe tayari: karo ya kitindamimba aliye chuoni. Mapatano yalikuwa kwamba kilichomegwa kirudi kabla ya Septemba. Kila Jumamosi jioni Mwalimu hulichukua daftari, hukaa nalo mezani, na hulisahihisha kwa kalamu nyekundu kama alivyosahihisha insha kwa zaidi ya miaka thelathini. Penye hesabu iliyonyooka hutia alama ya vema. Penye shaka hutia kiulizo, na mzee hujieleza.

Ununuzi wa kwanza ulikuwa mkubwa kuliko yote: mashine ya kukereza iliyouzwa katika mnada wa kiwanda kilichofungwa, eneo la Viwandani, kwa shilingi 165,000. Ilikuwa nzee, rangi yake imebanduka, lakini mzee aliinama, akapitisha ukucha juu ya reli zake karibu na kichwa, mahali ambapo mashine ya namna hiyo huliwa kwanza, akaona mkwaruzo mdogo tu. Kuisafirisha kulihitaji lori, mnyororo wa kuinulia na mabomba manne ya kuisukumia juu yake. Ilipotua juu ya sakafu ya saruji, aliitumia siku nzima akiinyoosha kwa pimamaji, akitia vibati chini ya miguu yake, kwa kuwa mashine iliyopinda hata kidogo hukereza koni badala ya mcheduara.

Hapo ndipo tatizo la umeme lilipojitokeza. Mota ya kiwandani ilitaka umeme wa fezi tatu. Nyumba za Donholm, kama nyumba nyingi za kuishi, huletewa fezi moja. Watu wawili walimshauri anunue mota mpya. Yeye alikisoma kibati cha mota ile kuukuu, akakuta kimeandikwa volti za namna mbili, 240 na 415. Maana yake ni kwamba mota hiyo ingeweza kufungwa kwa mtindo wa nyota au wa pembetatu. Alifungua kikasha cha nyaya, akahamisha vipande vitatu vya shaba kutoka kwenye nyota hadi kwenye pembetatu, kisha akanunua kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti zile ndogo. Faida haikuishia hapo, kwani kifaa hicho pia humwezesha kubadilisha mwendo wa mashine kwa kuzungusha kitufe. Mwalimu alitia vema, ingawa pembeni aliandika: "Risiti iko wapi?"

Mwanafunzi wa Kiswahili akilifungua daftari hili, atajikuta amesimama kati ya lugha mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, itampa tupa, patasi, jiliwa na keekee. Mafundi wa Kariobangi na wa Kamukunji watampa faili, chizo, vaisi na drili. Mzee huandika tupa na jiliwa, kwa sababu aliyemfundisha kazi katika karakana za reli mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa fundi wa Mombasa ambaye hakukubali majina mengine. Hata hivyo keekee hakulipokea. Keekee, kwa maoni yake, ni ile ya seremala inayozungushwa kwa uta. Chombo chenye mota kilikuja na jina lake. Huenda wanaistilahi wasikubaliane naye, lakini yeye hutofautisha vyombo viwili ambavyo wengi wangevitia katika jina moja, na hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Kuna neno lililozua kicheko. Kile kishikio cha duara kinachouma chuma ili kizunguke, mafundi wa Nairobi hukiita chaki. Jumamosi moja Mwalimu alisoma: "Chaki ya taya nne, 18,000." Akavua miwani. Alikuwa ameandikia chaki maisha yake yote, akasema, wala hajaona yenye meno, sembuse yenye bei hiyo. Mzee alieleza kwamba chaki ya taya tatu hushika hasa vitu vya mviringo, na kwamba ya taya nne, ambayo kila taya hukazwa peke yake, hushika hata kitu cha umbo la ajabu. Kiulizo kilibaki.

Methali husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Pengine ni kweli shambani. Karakanani, asiyechagua hulipa mara mbili. Ukurasa wa nne wa daftari una seti ya meno ya kutobolea yenye rangi ya dhahabu, yaliyonunuliwa kando ya barabara kwa bei ya kuchekesha. Ukurasa wa tano una seti nyingine, ya bei iliyozidi ile mara tano, kwa kuwa yale ya dhahabu yalijisokota kama tambi kwenye tundu la pili. Visu vya kukerezea vilevile havikununuliwa vikiwa tayari. Alinunua vipande vya mraba vya chuma kigumu kisicholegea kwa joto, akavinoa mwenyewe kwenye jiwe, kila kimoja kwa pembe ya kazi yake. Vile vya kisasa vyenye ncha za kubandika ni vizuri, lakini hutaka mashine isiyotikisika, na hupasuka vikigonga chuma chenye mabonde.

Kuhusu malighafi, daftari lina siri ambazo muuzaji hatazisema. Chuma kipya cha mviringo hupatikana katika maduka ya Viwandani, hukatwa na kupimwa kwa kilo. Chakavu hupatikana Gikomba na kwingineko: ekseli za malori, springi, pistoni, mabomba. Chakavu hakina lebo. Mzee hukigusisha kwenye jiwe la kunolea na kutazama cheche, na hapa ndipo mtu angependa kumtazama kwa muda mrefu. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya njano isiyopasuka sana. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazochanua na kugawanyika kama maua. Chuma cha kusubu hutoa cheche nyekundu, fupi, zinazokufa karibu na jiwe. Shaba na ndugu zake hawatoi cheche kabisa. Ekseli ya lori ikithibitika kuwa ngumu mno kwa kisu, huipasha moto hadi iwe nyekundu, kisha huizika katika ndoo ya majivu ya jiko ili ipoe polepole na kulainika. Majivu hayo hayakuandikwa daftarini. Mwalimu aliyaulizia pia.

Mnamo Juni ilikuja kazi iliyotazamiwa kuziba pengo la karo, au angalau kulipunguza. Msimamizi wa jengo la kupanga kule Umoja alileta pampu ya maji iliyoharibika bushi, yaani pete nene ambayo shafti huzungukia ndani yake. Alitaka mpya ya bronzi, wakaafikiana shilingi 7,500. Mzee alikwenda kutafuta malighafi miongoni mwa wauza chakavu. Kijana mmoja alimwonyesha vipande vya mviringo vya brasi, vilivyosubiwa katika mchanga, vizuri kwa macho, kwa shilingi 600 kilo moja. Kwa kazi ile zilitosha kilo mbili na nusu. Hesabu haikuhitaji daftari.

"Nitakuchagulia vilivyo safi, mzee," kijana alisema, akamimina gunia chini.

Kati ya vile vipande kilitoka kimoja ambacho hakikuwa kimeyeyushwa. Kilikuwa nusu ya mwili wa mita ya maji, na juu yake ulionekana mshale ule unaoonyesha maji yanakoelekea. Mwezi uliotangulia, nyumba sita za safu ya mzee zilikuwa zimeamka na kukuta mita zimeng'olewa langoni na maji ya mgao, yanayosubiriwa usiku kucha, yakimwagika barabarani. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 biashara hii hutakiwa kuwa na leseni, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kabisa kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme. Gunia lile halikuonekana kuzisikia habari hizo.

Mzee aliuliza kama angeandikiwa risiti. Kijana alicheka bila ubaya. "Risiti ya nini, mzee? Wewe si mtu wa serikali."

Hakununua. Hakupiga kelele wala hakumwita askari, na jambo hilo la pili lilimsumbua njia nzima ndani ya matatu. Alishuka Viwandani, akaingia duka la vyuma, akakatiwa bronzi ya milimita 60 kwa urefu wa sentimita kumi na mbili. Mizani ilisoma kilo tatu. Kwa shilingi 2,400 kilo moja, akalipa 7,200.

Bushi ilikerezwa siku mbili baadaye. Juu ya kisu hakutia mteremko, kwa kuwa chuma cha jamii ya shaba hukivuta kisu chenye mteremko na kukizamisha. Vumbi la dhahabu lilijaa mikono ya shati lake. Pampu ilirudi Umoja, ikavuta maji, akalipwa kama walivyoafikiana.

Jumamosi Mwalimu alifika kwenye mstari ule. Alitoa 7,200 katika 7,500, akarudia kutoa, akauliza kama kuna kosa la uhamishaji wa tarakimu. Mzee alimsimulia habari za gunia na mshale. Mwalimu alinyamaza, akauliza lile gunia lilikuwa upande gani wa soko, naye akamwambia. Kisha akaomba risiti, akaibandika kwa gundi pembeni mwa ukurasa, bila kutia vema wala kiulizo. Chini yake aliandika kiasi kilichosalia hadi Septemba.

Kipande cha bronzi kilichobaki, cha sentimita tatu, kilifungwa kwa gazeti na kuwekwa kwenye rafu ya juu, urefu wake umeandikwa kwa kalamu nyekundu.