Senti za Tundu

Miaka ya sabini, pale Nyakiyumbu, magharibi mwa Uganda, senti za tundu za enzi ya Mwingereza hazikununua hata kiberiti. Nchi ilikuwa na shilingi yake tangu 1966. Aliyezithamini bado ni fundi baiskeli wa njia ya Bwera: senti kumi ilikuwa washa safi kabisa.

Babu alikuwa na kopo zima, masazo ya pesa ya pamba. Alilimwaga mkekani, nasi wajukuu tukatafuta herufi ya kiwanda kilichopiga kila sarafu. Unaisugua sarafu kwa majivu, unaielekeza juani, unaizungusha polepole, maana herufi yenyewe haizidi punje ya ulezi. Nyingi hazikuwa nayo kabisa. Hizo zilitoka London. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham, na KN ni King's Norton, jirani yake. SA ilikuja na vita, kutoka Pretoria.

I ndiyo iliyozua ugomvi. Mwalimu mmoja aliyepita kusalimia alishikilia kwamba ni namba moja, yaani toleo la kwanza. Mdogo wake Babu, askari wa zamani wa King's African Rifles, akamkatiza: "Mwalimu, hiyo ni India. Mimi nimepita huko nikienda Burma." Mzee alikuwa sahihi. Tangu 1941 baadhi ya sarafu zetu zilipigwa Bombay.

Ndani ya kopo zilikuwamo pia za 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo. Sarafu ya tundu haina nafasi ya sura, ina taji na jina tu, kwa hiyo hazikusubiri mchoraji. Waingereza wenyewe hawakupata kununua mkate kwa sarafu yenye jina lake. Sisi tulinunulia chumvi. Naona hiyo inachekesha zaidi ya historia yote tuliyofundishwa darasani.

Sisi watoto mfalme hatukumjali. Tulikuwa tumewaona wabadilisha fedha wa mpakani Mpondwe, wenye mabunda ya zaire, fedha ya Kongo ya wakati huo, na ya shilingi, wakipandisha bei kabla hujamaliza kuuliza. Tukawaiga. H zilikuwa tele, hazikuwa na soko. SA moja ilikwenda kwa H mbili. I ilipanda siku ileile mzee alipomshinda mwalimu, na binamu yangu, aliyekuwa amezikusanya kimyakimya, akakataa kuuza.